Makaburi ya Askari wa Kituruki Mjini Berlin



Katika somo la historia tumefundishwa sote kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza Waturuki walipigana upande wa Wajerumani. Tuliiandika habari hiyo katika madaftari yetu, tukaijibu katika mtihani, kisha tukaisahau. Mwezi wa Julai, wakati wa likizo ndefu, nilipata bahati ya kufika mahali walipozikwa baadhi ya askari wale. Nimeona ni vema niwaeleze ninyi wanafunzi wenzangu, pamoja na wazee wetu waliosoma hapa zamani, maana niliyoyakuta huko yanatuhusu sisi Wanyarwanda kuliko nilivyodhani.

Kwanza niseme nilifikaje. Shule yetu ina urafiki na shule moja ya jimbo la Rheinland-Pfalz huko Ujerumani. Urafiki wa namna hii si jambo geni kwetu, kwani nchi yetu na jimbo lile zilianza kushirikiana tangu mwaka 1982. Tulisafiri wanafunzi wanane na mwalimu mmoja, tukakaa majuma mawili kwa wenyeji wetu, kisha tukapelekwa Berlin kwa siku tatu. Siku ya Ijumaa wenzetu sita walichagua kwenda kutazama bustani ya wanyama. Mimi na rafiki yangu mmoja, Mwislamu wa Nyamirambo, tulimwomba mwalimu mwenyeji atupeleke kwenye msikiti uitwao Şehitlik. Rafiki yangu alitaka kusali sala ya Ijumaa. Mimi nilitaka kuyaona makaburi yaliyo kando yake.

Msikiti huo uko katika barabara ya Columbiadamm, mtaa wa Neukölln. Nyuma yake ni uwanja wa ndege wa zamani wa Tempelhof, uliofungwa mwaka 2008. Siku hizi watoto hurusha tiara pale zilipokuwa zikitua ndege. Msikiti wenyewe ni wa kupendeza kweli: umejengwa kwa namna ya misikiti ya zamani ya Istanbul, una kuba kubwa na minara miwili myembamba kama kalamu, na ndani yake wanaenea watu wapatao 1,500. Mtu angedhani umekuwapo tangu karne nyingi. Kumbe ulijengwa kati ya mwaka 1999 na 2005, mahali palipokuwa na msikiti mdogo wa miaka ya 1980. Kwa kawaida msikiti hutangulia, ndipo watu wakazikwa kando yake. Hapa mambo yamekwenda kinyume. Wafu walifika kwanza, wakangoja zaidi ya miaka mia kabla ya kupata msikiti wao.

Basi wa kwanza wao alikuwa nani? Alikuwa balozi. Mwaka 1797 Sultani wa Dola ya Uthmania, ambaye makao yake yalikuwa Istanbul, alimtuma mtu mmoja jina lake Ali Aziz Efendi awe balozi wake kwa mfalme wa Prussia mjini Berlin. Ali Aziz alikuwa mwenyeji wa kisiwa cha Krete, naye alikuwa mwandishi: kitabu chake cha hadithi za ajabu, Muhayyelat, kinajulikana kwa wasomi wa Kituruki hata leo. Hakukaa sana. Alifariki mwezi wa Oktoba mwaka 1798, na wenyeji wakajikuta na shida ambayo hawakuwahi kuifikiria, yaani kumzika Mwislamu katika mji usio na makaburi ya Waislamu. Mfalme Friedrich Wilhelm III akatoa kiwanja nje ya mji. Mwaka 1804 akafa mjumbe mwingine wa Sultani, Mehmed Esad Efendi, akazikwa kando ya mwenziwe.

Mahali pale si hapa nilipofika mimi. Mwaka 1866 serikali ilikitaka kiwanja kile kwa ajili ya kambi ya askari, hivyo mabaki ya watu yakafukuliwa na kuhamishwa hadi Columbiadamm. Juu yao ukajengwa mnara wa jiwe wa pembe nne, uliochongoka juu, na kileleni ukawekwa mwezi mwandamo. Mnara ungalipo, katikati ya makaburi, nao una majina ya wale watano wa kwanza. Eneo lote ni dogo. Nadhani halifikii nusu ya uwanja wetu wa mpira. Lina miti mirefu, na mawe ya makaburi yamesongamana sana.

Wakati rafiki yangu anasali, mimi nilikaa humo uani nikiyasoma mawe. Neno lililonishika kwanza ni hilo Efendi. Kwa Kituruki maana yake ni bwana, hasa bwana aliyesoma. Lakini sisi tunalitumia kila siku bila kujua tulikolipata! Kila mmoja wetu akikutana na ofisa wa jeshi au wa polisi humwita "afande". Neno hilo ni lilelile. Njia liliyopita ni hii: Misri ilikuwa sehemu ya Dola ya Uthmania, na jeshi la Misri lilitumia majina ya vyeo ya Kituruki. Mwaka 1889 Wajerumani, ambao wazee wa pwani waliwaita Wadachi, walipotaka kuivunja nguvu ya Abushiri na wenzake huko pwani ya Tanganyika, ofisa wao Wissmann alikwenda kuandikisha askari wa Kisudani waliokuwa Misri. Wale wakaja na vyeo vyao. Kwa sababu hiyo katika jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki mkuu wa askari wachache aliitwa ombasha, ambalo ni neno la Kituruki onbaşı, yaani mkuu wa watu kumi. Aliyemzidi aliitwa shaushi, na aliyewapita wote hao aliitwa efendi. Nchi yetu ilipokuwa chini ya Wajerumani, amri zilitolewa hapa Kigali kwa vyeo vya Sultani wa Istanbul. Nimewauliza wanafunzi kumi wa mwaka wetu, na hakuna hata mmoja aliyelijua hili.

Mawe ya zamani yameandikwa kwa herufi za Kiarabu, maana Waturuki waliziacha herufi hizo mwaka 1928 tu, walipoamriwa kuandika kwa herufi hizi tunazozitumia sisi. Rafiki yangu alipotoka msikitini nilimwita aje anisaidie, kwa kuwa yeye amesoma madrasa tangu utoto. Alisimama mbele ya jiwe moja akalisoma kwa sauti neno baada ya neno, bila kukwama, na asielewe hata nusu yake, kwa sababu herufi ni za Kiarabu lakini lugha ni Kituruki. Karibu yetu walisimama vijana wawili wa Kituruki waliozaliwa Berlin. Wao lugha wanaijua, ila herufi hawazijui. Basi tukafanya kazi kwa ushirika: huyu anatamka, wale wanasikiliza na kukisia maana, na mwalimu mwenyeji anatufasiria. Kwa njia hiyo tulipata jina la mtu, jina la baba yake, na neno la kumwombea rehema. Tulicheka sana. Nilikumbuka kwamba Kiswahili nacho kiliandikwa kwa herufi hizo kwa karne nyingi, na kwamba wengi wetu leo hatuwezi kuisoma barua ya babu zetu.

Tena makaburi hayafuati barabara. Mwislamu hulazwa kwa ubavu wake wa kuume, uso wake ukielekea Makka. Rafiki yangu alinionyesha kwa mkono kwamba kutoka Berlin kibla kiko kusini mashariki, lakini kwetu Kigali kiko kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo. Sikupata kulifikiri jambo hilo kabla. Askari wa Kituruki aliyezikwa Berlin na Mswahili aliyezikwa Nyamirambo wamelala wakielekeana, ingawa kati yao kuna bahari na jangwa.

Sasa tufike kwa askari wenyewe. Tarehe 2 Agosti 1914 Wajerumani na Waturuki walifanya mapatano ya siri, na mwisho wa Oktoba Waturuki wakaingia vitani. Mwezi wa Novemba ikatangazwa jihadi mjini Istanbul. Wajerumani walitumaini kwamba mamilioni ya Waislamu waliokuwa chini ya Uingereza, Ufaransa na Urusi wangeasi. Walifika hadi kujenga msikiti wa mbao mwaka 1915 huko Wünsdorf, kusini ya Berlin, katika kambi ya mateka Waislamu, ili kuwavuta upande wao. Tumaini hilo halikutimia. Waislamu wengi wa Bara Hindi na wa Afrika ya Kaskazini waliendelea kupigana chini ya bendera za Waingereza na Wafaransa.

Katika mwaka 1916 Waturuki walipeleka maelfu ya askari mbali sana na kwao, hadi Galicia, nchi ambayo leo imegawanyika kati ya Poland na Ukraine, wakawasaidie Wajerumani na Waaustria kupigana na Warusi. Mwaka huohuo, mwezi wa Mei, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Kigali, na utawala wa Wajerumani kwetu ukaisha. Vita vilikuwa vimoja. Askari wa Kiafrika aliyekuwa akirudi nyuma katika milima yetu pamoja na mabwana zake, na kijana wa Anatolia aliyekuwa akitetemeka kwa baridi ya Galicia, walikuwa upande mmoja, wala hakuna aliyekuwa na habari ya mwenziwe. Wengine kati ya Waturuki, waliojeruhiwa au kuugua, waliletwa katika hospitali za Berlin. Waliokufa humo wakazikwa hapa Columbiadamm. Kwa ajili yao mahali pale pakaitwa Şehitlik.

Wengi wao walikuwa wana wa wakulima. Hawakuwa na jina la ukoo, kwa kuwa sheria ya kuwataka Waturuki wote wawe na jina la ukoo ilikuja mwaka 1934. Mtu alijulikana kwa jina lake, la baba yake na la kijiji chake. Jambo hili mwalimu mwenyeji aliona ni la ajabu, sisi hatukuliona hivyo. Katika nyumba yetu tumezaliwa watoto watano, na kila mmoja ana jina lake asilolichangia na mwingine.

Neno Şehitlik linahitaji maelezo, nami naomba msomaji asilipite haraka. Şehit ni neno letu shahidi, na hilo -lik la mwisho linaonyesha mahali. Basi ni mahali pa mashahidi. Sisi tuliolelewa katika shule ya misheni tunalijua neno hilo tangu utoto: kila tarehe 3 Juni tunawakumbuka Mashahidi wa Uganda, vijana waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886 kwa sababu walikataa kuiacha imani yao. Wengine kati yao walikuwa na umri mdogo kuliko wangu. Waturuki humwita şehit askari yeyote aliyekufa akiitetea nchi yake. Lakini Kiswahili kimelipa neno hilo kazi nyingine pia: shahidi ni mtu anayesimama mbele ya hakimu akasema aliyoyaona. Waturuki wana maneno mawili yanayopishana kwa irabu moja, şehit na şahit. Sisi tuna moja tu kwa yote mawili.

Nilikuwa nikiyawaza hayo tulipofika kwenye makaburi mawili ambayo ndiyo hasa yaliyonifanya niandike. Ni ya Bahaeddin Şakir na Cemal Azmi.

Watu hawa hawakuwa askari waliokufa hospitalini. Cemal Azmi alikuwa gavana wa Trabzon, mji wa pwani ya Bahari Nyeusi. Bahaeddin Şakir, aliyesomea uganga, alikuwa miongoni mwa wakubwa wa chama kilichotawala na wa kikosi chake cha siri. Tarehe 24 Aprili 1915 serikali yao ilianza kuwakamata wakubwa wa Waarmenia mjini Istanbul, na katika miezi iliyofuata Waarmenia wa Anatolia walitolewa katika miji na vijiji vyao. Wanaume waliuawa, wanawake na watoto walitembezwa kwa miguu kuelekea jangwa la Siria hadi wakafa kwa njaa, kiu na mapanga. Makadirio mengi ya waliokufa ni kati ya 600,000 na milioni moja na nusu. Katika jeshi lenyewe la Sultani walikuwamo Waarmenia. Mwaka 1915 walinyang'anywa bunduki, wakafanywa vibarua wa barabara, na wengi wao wakauawa na watu wa jeshi lao wenyewe. Hao walikuwa askari wa Dola ya Uthmania kama wale waliolala Columbiadamm, lakini hakuna aliyewapa mahali panapoitwa pa mashahidi.

Vita vilipokwisha, mahakama za kijeshi mjini Istanbul ziliwahukumu Cemal Azmi na Bahaeddin Şakir wauawe. Walikuwa wamekwisha kukimbilia Ujerumani. Pamoja nao alihukumiwa Talat Pasha, waziri aliyesimamia jambo lote, ambaye naye alikuwa amejificha Berlin. Tarehe 15 Machi 1921 kijana mmoja wa Kiarmenia, Soghomon Tehlirian, alimpiga Talat risasi mchana kweupe katika barabara ya Hardenbergstraße. Mwezi wa Aprili mwaka 1922 Waarmenia wengine wakawaua Şakir na Azmi katika mji huohuo. Talat alizikwa Berlin, na mwaka 1943 mabaki yake yalipelekwa Istanbul kwa heshima kubwa. Wale wawili wangali pale.

Kesi ya Tehlirian ilichukua siku mbili tu mwezi wa Juni mwaka 1921. Hakukana kwamba ameua. Walisimama mashahidi, wakaeleza walivyoona katika safari ile ya mauti, na wazee wa baraza wakamwachia huru. Habari hizo zilimfikia mwanafunzi mmoja Myahudi wa Poland, Raphael Lemkin, akazitafakari sana. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba alishangaa kuona sheria inamkamata mtu aliyeua mmoja, na haina neno la kumkamata aliyeua umati wa raia wa nchi yake. Miaka mingi baadaye akalitafuta neno hilo, na mwaka 1944 akalitunga: kwa Kiswahili twasema mauaji ya kimbari, na kwa Kinyarwanda jenoside. Tarehe 9 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ukalitia katika mkataba. Kisha mkataba ukakaa nusu karne bila mahakama yoyote ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa hilo. Mtu wa kwanza alipatikana tarehe 2 Septemba 1998, mjini Arusha. Naye alikuwa nani? Alikuwa Jean-Paul Akayesu, bwana mkubwa wa wilaya ya Taba, hapa kwetu.

Mimi nilizaliwa baada ya mwaka 1994. Habari za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nimezipata kwa wazazi, kwa walimu, na Gisozi, mahali walipozikwa zaidi ya watu 250,000. Kila mwezi wa Aprili tunaomboleza, kama Waarmenia nao wanavyoomboleza mwezi wa Aprili. Sikutarajia kwamba katika ua wa msikiti wa Berlin ningekuta chanzo cha uzi unaofika hadi Taba.

Mbele ya makaburi yale mawili mimi na rafiki yangu tulibishana, wala ubishi haukuisha mpaka tulipopanda treni, na bado haujaisha. Yeye alianza kwa kusema kwamba kumzika Mwislamu ni faradhi juu ya jamaa, hata akiwa mwovu namna gani, na hukumu yake iko kwa Mwenyezi Mungu. Hapo tulipatana. Hata kwetu, aliyeua hafukuliwi. Nikamwambia kwamba mimi sibishii kaburi, nabishia jina. Mtu akizikwa mahali panapoitwa pa mashahidi, mpita njia asiyejua historia atasoma lango, atasoma jiwe, atainamisha kichwa.

Rafiki yangu akajibu, "Sawa, bwana, lakini jina lile halikuwekwa kwa ajili yao. Liliwekwa kwa ajili ya wale askari maskini. Je, utawanyang'anya mia kwa kosa la wawili?"

Ni hoja nzito, na nilitembea hatua nyingi kabla ya kujibu. Nilisema kwamba nisingewanyang'anya askari chochote. Ila ningetaka pawepo na maandishi, hata ya mistari minne, ya kueleza waliolala hapa wawili walihukumiwa nini na mahakama ya nchi yao wenyewe. Haya si maneno ya Waarmenia peke yao, maana waliowahukumu walikuwa Waturuki. Akaniuliza ni nani atakayeyaandika, ikiwa serikali ya Uturuki mpaka leo inalikataa neno mauaji ya kimbari. Mwalimu mwenyeji, aliyekuwa akisikiliza kimya, alisema kwamba hata bunge la Ujerumani lilichukua zaidi ya miaka 100 kulitamka: lilipitisha azimio tarehe 2 Juni 2016, na ndani yake likakiri kwamba Dola ya Ujerumani ya wakati ule, iliyokuwa rafiki wa Waturuki, ilijua yanayotendeka na haikuyazuia.

Kisha mwalimu yule akatuambia tusiwaseme Waturuki kabla ya kuona makaburi ya Wajerumani wenyewe yaliyo jirani. Kwa kweli nilimheshimu sana kwa neno hilo. Pale karibu kuna makaburi makubwa ya askari wa Kijerumani, na ndani yake kuna jiwe kubwa jekundu la mwaka 1907. Juu yake yamechongwa majina ya askari saba Wajerumani waliokufa katika vita vya Namibia, ambayo wakati ule iliitwa Afrika ya Kusini Magharibi, na jiwe linawasifu kuwa mashujaa. Vita hivyo ni vile ambavyo jemadari von Trotha, tarehe 2 Oktoba 1904, alitoa amri kwamba kila Mherero aonekanaye ndani ya mipaka, mwenye silaha au asiye na silaha, apigwe risasi. Waherero waliokufa kwa risasi na kwa kiu ya jangwani walikuwa makumi ya maelfu. Wanama walikufa wapatao 10,000.

Kwa zaidi ya miaka mia jiwe lile lilisema habari za wale saba peke yao. Mwezi wa Oktoba mwaka 2009 likawekwa chini yake bamba lenye ramani ya Namibia, la kuwakumbuka waliodhulumiwa na utawala wa Kijerumani katika nchi ile. Nililisoma kwa msaada wa mwalimu, neno kwa neno. Neno lile la Lemkin halimo. Serikali ya Ujerumani ilikuja kulitamka juu ya Waherero na Wanama mwezi wa Mei mwaka 2021. Tena hapo hakuna habari yoyote ya Majimaji, ingawa katika vita vile vya mwaka 1905 hadi 1907, katika koloni moja na sisi, watu wa kusini mwa Tanganyika walikufa kwa maelfu mengi, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba yao kuchomwa.

Rafiki yangu alilitazama bamba lile muda mrefu. Akasema, "Unaona? Hawakuling'oa jiwe. Wameongeza jingine." Nikamwuliza kama sasa amekubali mistari yangu minne. Akasema bado anafikiri, kwa sababu bamba lenyewe ni dogo sana kando ya jiwe, na mtu asiyeonyeshwa anaweza kulipita asilione.

Wazee wetu walioko Ujerumani wakipenda kufika, washuke katika kituo cha treni ya chini cha Boddinstraße, kisha waulize njia ya msikiti. Si mbali kwa miguu. Wasiokuwa Waislamu hukaribishwa bila shida, ila wavae kwa heshima na wasiingie wakati wa sala. Katika mitaa ya jirani waliishi na wanaishi Waturuki wengi, ambao wazazi na babu zao walikuja kufanya kazi katika viwanda baada ya mapatano ya mwaka 1961, nao watawapa chai katika bilauri ndogo hata kabla ya kuwauliza wametoka wapi.

Picha nilizopiga nimezibandika katika maktaba, karibu na ramani ya Afrika, pamoja na nakala ya yale maandishi tuliyoyasoma kwa watu watano. Rafiki yangu amemwomba Mhariri nafasi katika toleo lijalo ili aeleze kwa nini bado hakubaliani nami juu ya jina la mahali pale, nami nimeambiwa kwamba hoja yake imekwisha kufika kurasa sita.